Nililibana Bomba la Moshi la Lori la Kijiji, Sasa Shemeji Yangu Anaitwa Mhujumu

(Msomaji huyu anatoka upande wa Kilimanjaro. Ametuomba tusitaje jina lake wala la kijiji chake. Msomeni hadi mwisho kabla ya kumhukumu.)

Wasomaji wenzangu, mimi ni mwanaume wa miaka thelathini na mbili, fundi wa kuchomelea vyuma huku Vunjo. Sijaoa. Mama alipofariki nililelewa na dada yangu mkubwa, na aliyenipeleka kujifunza ufundi Moshi mjini ni mume wake, shemeji yangu, dereva wa lori la kijiji. Nayasema haya mapema ili mjue nimemtendea nani.

Lori letu ni moja tu. Linashusha kahawa na ndizi, linapandisha mbolea, na mgonjwa akizidiwa ndilo linalompeleka hospitali. Miezi mitatu iliyopita bomba lake la moshi lilioza likakatika. Kamati ya kijiji ikanipa kazi ya kutafuta jingine. Vipuri madukani hakuna, hilo mnalijua wote. Nikapata mabomba mawili. Moja lilikuwa la inchi tatu, sawa na lile lililokatika, nililitoa kwenye lori bovu kule Sanya Juu. Lilijaa kutu, lilihitaji viraka. La pili lilikuwa la inchi moja na nusu, bomba la maji lililobaki kwenye mradi, jipya, linang'aa. Nikachagua jembamba.

Sikufanya kwa uvivu, ingawa uvivu nao ulikuwepo kidogo. Nilifanya kwa kujiona najua. Marehemu baba alikuwa msimamizi wa mfongo, ule mfereji unaotuletea maji mashambani kutoka mlimani, na tangu utoto niliona kuwa maji yakilegea unaubana mfereji kwa mawe, yanatoka kwa nguvu. Nikawaambia wanakamati kwamba moshi nao ni hivyo hivyo: tukiubana utatoka kwa kasi na lori litapanda vizuri zaidi. Wote wamekulia kwenye mfongo. Wakakubali palepale, na mwenyekiti akasema, "Huyu kijana ana akili." Wiki nzima nilitembea kifua mbele.

Kwenye tambarare ya Himo na Moshi lori lilikwenda vizuri, tena kimya, watu wakasema sasa limepata adabu. Kazi ilikuwa mlimani. Shemeji alikuja kwenye karakana yangu mara tatu kulalamika. Mara ya mwisho aliniambia, "Aisee shemeji, gari halipumui. Nikipanda na mzigo linachemsha, kila kona nasimama kulipoza. Hebu liangalie tena hilo bomba."

Palikuwa na wateja. Nikamjibu kwa sauti, "Shemeji, wewe kanyaga mafuta. Dereva anajua nini kuhusu chuma?" Wakacheka wote. Hata yeye alicheka kidogo, kisha akaondoka.

Wiki iliyofuata, akipandisha mbolea, injini ilikufa katikati ya mlima. Pistoni ziling'ang'ania, haigeuki hata kidogo. Na siku hizi mnajua, kitu cha umma kikiharibika anatafutwa mhujumu. Watu wakasema dereva amelichemsha makusudi, eti ametumwa na wenye malori yao binafsi. Yuko mahabusu. Dada na watoto wanne wamehamia kwangu, kwa sababu watoto walikuwa wakizomewa njiani.

Nilikwenda mjini kwa mzee aliyenifundisha kazi. Nikamsalimia shikamoo, nikamuuliza kana kwamba nauliza habari za gari la mtu mwingine. Akanitazama, akasema, "Moshi si maji, mwanangu. Injini ni kama mtu, inavuta pumzi na kuitoa. Mbebeshe mtu gunia, mbane pua, halafu mwambie apande mlima wa Kirua. Huyo fundi ameiua injini kwa mkono wake."

Sasa sikieni lililonimaliza. Kamati imenichagua mimi, kwa kuwa ndiye fundi wa kijiji, nilikague lori na kusoma taarifa mbele ya mkutano mkuu mwisho wa mwezi ujao. Wanayotaka kusikia yanajulikana. Mwenyekiti aliniita pembeni akaniambia, "Andika kuwa bomba lilikuwa sawa. Sote tulikubali. Tukianza kuulizana, hakuna atakayebaki." Najua maana yake. Nikisema ni bomba, wataniuliza nani alinituma nilibane, na hakuna atakayeamini habari za mfongo. Nitakaa mahali alipokaa shemeji, na pale nyumbani hatabaki wa kuwalisha wale watoto kama na yeye hawatamwachia. Nikisema ni dereva, kila mtu ataniamini.

Juzi nilimpelekea shemeji chakula. Amekonda, macho yameingia ndani. Nilidhani atanitukana, na wallahi ningefurahi anitukane. Badala yake alinishika mkono akasema, "Nilipowaambia polisi ni bomba, walinicheka. Wakasema dereva anajua nini kuhusu chuma. Nimeshukuru Mungu wamekuchagua wewe. Ukisema wewe, shemeji, watasikia."

Nilisema tu, "Kula, chakula kitapoa."

Usingizi sina, kazi haishikiki. Taarifa nimeianza mara nne na zote nimezichana. Ninaogopa jela, naogopa aibu, na zaidi naogopa kumtazama dada yangu usoni. Yeye hajui lolote. Leo asubuhi amenifulia shati langu jeupe, amelipiga pasi na kulikunja vizuri, akaniambia nilitunze hadi siku ya mkutano, maana mtu anayesema kweli anapaswa kuonekana nadhifu.

Ndugu zangu, nimekwama. Ningekuwa mdogo wenu, mngeniambia nisome nini mbele ya mkutano ule?