Ndege Walio Kooni mwa Mama

Saa moja asubuhi, umande haujakauka bado kwenye majani ya migomba, na cherehani ya Nzembi tayari inakimbia. Kitambaa cha buluu kinateleza chini ya sindano, kinageuka kola, kinageuka kwapa. Hizi ni sare za shule, na wenyewe wanazitaka jana.

Mara mguu wake unatulia juu ya kanyagio. Kuna sauti. *Du-du-du-du-du*, nzito, inashuka ngazi moja moja kama maji yanayomiminwa kutoka kwenye kibuyu. Mtu yeyote wa vilima hivi vya Iveti, juu ya mji wa Machakos, angekuambia huyo ni dudumizi, yuko bondeni. Nzembi hatazami bondeni. Anamtazama mama yake, Kasyoka, aliyeketi kwenye kiti cha mbao pembeni mwa veranda, shuka limemfunika magoti.

"Ni yeye," anasema, na kuinuka kwenda kuleta maji ya kunywa.

Akirudi anaeleza siri ya kazi. "Ukimwangalia hapa chini ya kidevu, panacheza. Kama hapachezi, basi ni ndege ya kweli. Mwanzo sikuwa najua. Dudumizi akilia huko mtoni, mimi mbio na kikombe. Siku moja Mwaitu akachoka na mimi, akanimwagia hiyo maji kwa miguu."

Mwaitu, yaani mama yangu, ndivyo Wakamba wanavyomwita mama mzazi. Nzembi hulitamka jina hilo taratibu, hata anapolalamika.

Ana umri wa miaka arobaini na miwili, na kwa zaidi ya nusu ya miaka hiyo amekuwa fundi wa nguo. Alikuwa na nafasi nzuri sokoni Machakos, karibu na lango, mahali ambapo mteja hawezi kukukosa hata akitaka. Mamake alipougua, alikodi mkokoteni, akaipandisha cherehani hadi nyumbani. Wateja walimnung'unikia, wakamfuata. Tangu Januari ya mwaka huu wa 2003, watoto walipomiminika shuleni baada ya karo ya msingi kuondolewa, wanaupanda mlima wakihema na vitambaa mikononi.

"Wakifika hawana hata nguvu ya kubishana bei," anasema, akicheka.

Kiharusi kilimpiga Mama Kasyoka miaka miwili iliyopita akipalilia maharagwe. Mguu ulirudi kwa msaada wa mkongojo. Mkono wa kulia ulirudi nusu. Maneno hayakurudi kabisa. Mwanamke aliyejulikana mteremko mzima kwa mdomo wake, aliyeweza kumsimanga mtu na kumkaribisha chai kwa pumzi ile ile, akabaki na "aa" moja tu, ya ndiyo na ya hapana.

"Nilikuwa nalia nikishona," Nzembi anasema. "Nguo za watu nimezilowesha sana. Unajua kukaa na mtu kwa nyumba, na huwezi jua kama ana kiu?"

Kisha asubuhi moja dudumizi akalia bondeni, na Mama Kasyoka akamjibu. Akamjibu sawasawa, hata ndege mwenyewe akanyamaza. Halafu akanyoosha mkono wa kushoto kuelekea mtungi wa maji.

Nzembi anasema aliangusha mkasi.

Mama huyu mzee alizaliwa upande wa Yatta, katika nchi kavu ya miiba, mbele ya Matuu. Alipokuwa msichana, kazi yake ilikuwa kukaa juu ya dungu na kombeo mkononi, akilinda mtama usiliwe na ndege. Wasichana wa madungu jirani hawakuweza kuonana kwa urefu wa mimea, kwa hiyo waliitana kwa sauti za ndege wale wale waliokuwa wakiwafukuza. Maneno ya kawaida aliyajifunza kama sisi sote. Haya mengine aliyaweka mahali pengine, na ugonjwa haukufika huko.

Basi Nzembi akaanza shule. Hakuwa mtu wa ndege hata kidogo. Kwake ndege walikuwa wa aina mbili: kuku, na wale wengine. Sasa akawa anasikia sauti mtini, anaacha kazi, ananyemelea hadi amwone mwenye sauti, kisha anarudi verandani na kujaribu kuiga. Mamake husikiliza macho yakiwa yamefumbwa. Akikosea, mzee hutikisa kichwa na kuirudia polepole, hadi mwanafunzi aipate.

Kidogo kidogo wakaelewana. Njiwa ni uji. Kelele za mnana, wale wadogo wa manjano wanaosuka viota, maana yake watu wamezidi, niondolewe hapa. Yule ndege mkubwa wa hudhurungi apitaye juu ya paa jioni akipiga makelele ni kitanda. Na kanga, yule asiyejua kunyamaza, ni Mutheu, wifi yake Nzembi.

"Akija tu kwa lango, Mwaitu anaanza, *kek-kek-kek-kek*," anasema Nzembi, sauti ameishusha kana kwamba wifi yuko nyuma ya mlango. "Mutheu anasema, 'Ona vile mama anafurahi kuniona!' Na mimi nafanya nini? Nanyamaza."

Lakini kulikuwa na sauti moja iliyomshinda.

Ilikuja jioni, jua likielekea kuzama. Mama Kasyoka aliinua kidevu na kutoa mlio wa puani, *meee, meee*, mara kadhaa. Kisha alingoja. Alitazama upande wa mashariki, kichwa ameinamisha kidogo, kama mtu aliyebisha hodi. Baada ya hapo machozi yalimtoka, na hakula wala kunywa hadi asubuhi. Ikawa hivyo karibu kila siku.

Mwanawe mkubwa, Wambua, dereva wa pikapu ya mawe ya ujenzi huko Athi River, alikuja akakaa naye jioni mbili. Akatoka nje akamwambia dada yake kwamba wakubali tu, akili ya mama imeanza kwenda. Mtu mzima halii kama mbuzi.

"Hiyo neno iliniuma," Nzembi anasema. "Kwa sababu kama hiyo ya jioni ni wazimu, basi hata ya maji ni wazimu. Basi hizi siku zote sijakuwa nikiongea na mtu."

Hapo akapata wazo, na leo linamfanya ajifunike uso kwa kitambaa cha sare. Aliamua kwamba mama anataka mbuzi. Alikuwa na mbuzi wengi kabla hajaugua, na wote waliuzwa kulipia matibabu. Bila shaka anawakumbuka! Nzembi akatenga mapato ya sare, akatuma salamu sokoni kwa Abdifatah, mfanyabiashara wa mifugo ambaye vikoi vyake huletwa hapa kuunganishwa ncha mbili, kama Wasomali wanavyovivaa.

Wiki tatu zilizopita, Abdifatah alipanda mlima jioni akivuta mbuzi jike mwekundu. Wakamfunga karibu na veranda. Mama Kasyoka akamtazama mbuzi, akatazama kando. Jua likaanza kushuka. Akainua kidevu. *Meee. Meee.*

Mbuzi akaitika kwa moyo wote. Mzee akamkazia jicho la dharau, na machozi yakaja kama kawaida.

"Nikamwambia Abdifatah, ona, hata umemleta na bado analia mbuzi," Nzembi anakumbuka. "Yeye akasema, 'Mbuzi gani? Fundi, mimi iko na mbuzi tangu nazaliwa. Hakuna mbuzi inalia hivyo. Hiyo ni ndege.'"

Akamweleza. Ndege huyo yuko kule chini Abdifatah anakonunua mifugo, Yatta, kwenye miti ya miiba. Ni wa kijivu, tumbo jeupe, mkia mrefu, na nywele za kichwani zimesimama. Hapandi huku kwenye baridi. "Vijana yangu, hiyo ndege inawadanganya kila siku," akasema. "Wanatoka kutafuta mbuzi imepotea, kumbe ni yeye iko juu ya mti, inawacheka." Kisha akachuchumaa mbele ya kile kiti. "Mama, wewe ni mtu wa Yatta?"

Mama Kasyoka alimshika mkono wa shati kwa ule mkono wake mzima. Hakumwachia hadi giza likaingia, na yule bwana, mwenye safari yake na wenzake wakimngoja barabarani, akabaki amechuchumaa vile vile.

"Nililia," Nzembi anasema. "Nililia kwa furaha, sitaki kukudanganya. Mwaitu ana akili zake zote. Alikuwa anasema kwao. Kila jioni anasema kwao, kwao, na mimi namletea mbuzi."

Alishuka hadi kwenye kibanda cha simu akampigia Wambua.  Kaka mtu akasema kwamba hata jina la mama, Kasyoka, kwa Kikamba ni la kurudi, na wao tangu wamzike nyanya yao hawajawahi kumrudisha kule hata siku moja. Akaahidi kuleta pikapu, ikiwa imeoshwa.

Wanakwenda Jumamosi hii. Mzee atakaa mbele na mto wake. Nzembi atakaa nyuma, na kanga wa familia naye amesema hawezi kuachwa. Hofu iliyobaki ni moja. Kule wachoma makaa wamekata miti sana, na hakuna ajuaye kama iliyokuwa karibu na boma la kina Kasyoka bado imesimama. Abdifatah amewaelekeza kwenye mkondo wa mto mkavu, anakosema miiba bado ni mingi.

"Sitaki mambo makubwa," Nzembi anasema. "Miaka miwili ameita na hakuna mtu amemwitikia. Mimi najaribu, lakini mimi ni fundi wa nguo, natoa sauti kama mlango. Nataka nimpeleke mahali atajibiwa."

Jioni inaingia. Kwenye kiti, kidevu kinainuka. *Meee. Meee.* Mbuzi mwekundu anaitika kutoka kwenye kamba yake.

"Nyamaza wewe, si wewe umeitwa," Nzembi anamwambia, kisha anamgeukia mamake. "Jumamosi, Mwaitu. Jumamosi tunaenda kwenu."

Mama Kasyoka anamtazama. Machozi hayaji. Halafu inasikika, nzito, ikishuka ngazi moja moja: *du-du-du-du-du.*

Nzembi anatega sikio kwanza. Bondeni kumenyamaza. Anaweka kitambaa chini na kwenda kuleta maji.