Kiti cha Gunia kwenye Njia ya Mubi

Nianze na sifa zangu, maana mbele hazitafaa kitu. Nina diplome ya serikali. Niliipata kwa masomo ya mangaribi nikiwa na miaka thelathini na minne, mzee kuliko mwalimu wa jiografia na mnene kuliko dawati langu. Mchana nililima maharagwe, jioni nililima vitabu, na giza likiingia tulisoma kwa tochi ya simu moja, wanafunzi kumi na tisa, vichwa vimebanana kama viazi ndani ya sufuria. Siku ya matokeo niliimba toka shuleni mpaka nyumbani Muheto, na watu wa vilima saba walitoka nje kuuliza nani amekufa.

Basi mtu mwenye elimu kama hiyo ndiye aliyetengeneza kiti ninachotaka kukieleza.

Tulitoka Muheto asubuhi moja ya ukungu, watatu: mimi, mke wangu, na mama yake. Vita vilikuwa vimefika shamba la jirani. Tulikuwa tumekawia kwa sababu ya maharagwe. Yalibaki siku nne tu yakauke, nami nilisema hakuna bunduki inayoweza kumuondoa mtu kwenye maharagwe ya siku nne. Iko. Tuliyaacha mashambani yakiwa yamesimama, na kwa kuwa daraja lilikuwa limekatwa na pikipiki hazipiti tena, tukashika njia ya miguu kuteremka Walikale, kwenda Mubi, ambako watu walisema barabara iko hai, maduka yako wazi, na kituo cha afya kina dawa.

Dawa ndiyo iliyokuwa safari yetu. Mama mkwe alikuwa na moyo uliochoka. Ndivyo muuguzi wa kwetu alivyotuambia. Miguu ilimvimba kama mihogo iliyolowekwa, na akilala chali pumzi ilimkimbia. Nyumbani, katika kijumba chake, alilala ameketi, mgongo wake kwenye magunia matatu ya maharagwe, na kila mwezi tulipouza gunia moja ilibidi tumtafutie mto. Vidonge vyake viliisha siku ya pili ya njia. Kwa hiyo kazi yetu ilikuwa kumfikisha Mubi akiwa bado anapumua, na kila tunapotua asilale chini.

Sasa, mtu asiyejua kwetu ataniuliza: si ungemuegemeza tu mwenyewe kifuani pako? Haiwezekani. Mama mkwe na mkwe wake wanaheshimiana mpaka karibu wasionane. Sijawahi kumshika mkono. Hali mbele yangu, halali chini ya paa moja nami, na mahali nilipokaa mimi yeye hakai, hata kama ni jiwe la kanisa. Tangu nioe, miaka kumi na moja, maneno yake yote kwangu yalipita kwa mke wangu, hata nikiwa nimesimama hatua mbili mbele yake.

"Umuambie bwana yako," alisema siku ya tano, tukiwa ndani ya msitu kabisa, "miguu imekataa."

"Amesikia, Mama."

"Sikumuuliza kama amesikia. Nimesema umuambie."

Mke wangu akageuka kwangu: "Miguu imekataa." Nikamjibu mke wangu kwamba tutatua hapa. Hivyo tukatua.

Palikuwa na uwazi kando ya njia, mahali wachoma makaa walipokata miti wakaondoka. Mzee mmoja wa Burungu alikuwa ametutangulia hapo. Alikuwa mfugaji, ng'ombe wake walikwenda na wenye bunduki, naye alibaki na fimbo, kofia, sufuria, kijiko na mdomo. Alitukaribisha kama vile msitu wote ni boma lake.

"Mukae, mukae. Nafasi iko. Maziwa njo haiko."

Mubi ilikuwa mbele yetu mwendo wa siku nzima kwa mtu mzima wa miguu. Mbingu ilikuwa inajikunja. Nikamwaga mali yetu chini nikaihesabu kwa macho: shitingi moja, ile turubai nyeupe ya wakimbizi, kamba ya nailoni, panga, bidoni ya njano ya maji, gunia la mchele lenye nguo, blanketi moja. Nikajiambia: kwa vitu hivi mtu wa masomo ya mangaribi anajenga hoteli.

Nilianza na paa. Pembe za shitingi zilikuwa zimeng'oka vile vitundu vyake vya chuma. Ukitoboa tundu jipya, upepo wa kwanza unalipasua mpaka katikati. Mimi niliokota vijiwe vinne laini, nikatia kila kimoja kwenye pembe, nikakunja shitingi juu yake kama unafunga chumvi kwenye kitambaa, nikakaza kamba shingoni mwa kile kifundo. Pembe ya namna hiyo inaweza kuvuta lori. Kamba nyingine nikaipitisha kati ya miti miwili, nikatupa shitingi juu, upande wa upepo nikaushusha mpaka karibu na udongo, upande wa pili nikauinua ili mtu aone njia. Kisha mfereji kuzunguka, wa kina cha kiganja. Mzee wa Burungu alinitazama.

"Wewe uko mujenzi?"

"Mimi niko na diplome."

"Aaa. Nilizania uko mujenzi."

Halafu kiti. Miti miwili mirefu nyuma, imeingia ardhini mkono mzima. Miwili mifupi yenye panda mbele. Fito moja juu, fito moja mbele. Gunia nikalipasua ubavu likawa refu. Mwisho mmoja nikaushona kwa kamba kwenye fito ya mbele, mwisho wa pili ukaning'inia toka fito ya juu kwa kamba mbili. Ukirefusha kamba mtu anaegemea, ukizifupisha anaketi wima. Blanketi nikalikunja mara nne likawa mto. Ninaapa, kiti kile kingeweza kuwekwa ofisini kwa gavana, na gavana angechelewa kutoka kazini.

Nikafurahi. Hapo ndipo kosa lilipo: nilifurahi. Nikawaita wote watazame. Nikasema, "Mutaona," nikajitupa ndani yake, nikanyoosha miguu, nikaweka mikono kisogoni, nikajifanya ninakoroma. Kiti hakikulia hata kidogo. Mzee alicheka. Mke wangu hakucheka. Alishika mdomo.

Nilisimama haraka kama niliyekalia siafu, lakini tayari nilikuwa nimeshakaa.

Mama mkwe alikuwa amesimama kwenye mti, mkono mmoja kifuani. Alikiangalia kiti kwa muda mrefu, na nilijua anakitamani. Mwili wake wote ulikuwa unakiinamia.

"Umuambie bwana yako," alisema, akivuta pumzi katikati ya maneno, "kiti yake iko muzuri sana. Akae."

"Mama, hakukaa. Alikuwa anajaribu."

"Alikaa na alilala. Nilimusikia anakoroma."

"Ilikuwa mchezo!"

"Na mimi nitakaa juu ya mchezo ya mukwe wangu, mbele ya watu?" Watu walikuwa mzee mmoja na ndege.

Mvua ikaanza. Mvua ya Walikale haidondoki. Inamwagwa, na tone moja linajaza sufuria. Mke wangu alimsihi angalau aingie chini ya shitingi. Mama mkwe alikataa, akasema paa lile lina kitanda cha mkwe ndani yake. Akakaa juu ya bidoni chini ya mti, mgongo wazi, na majani yalimmwagia maji ya pili baada ya maji ya kwanza. Mke wangu alisimama nyuma yake akamshikilia mabega. Mzee akanijia.

"Kijana, vunja."

"Nivunje nini?"

"Kiti. Kwetu, chungu kikiguswa na mutu asiyefaa, tunakioshea mutoni. Kiti haioshwe. Vunja, ujenge ingine, na usiikalie. Ata mukono usiiweke."

Nikavunja. Fito nikazitupa msituni, nikakata nyingine, kwa panga linaloteleza kiganjani. Miti minne mipya. Gunia halikuwa na mwenzake, kwa hiyo mke wangu alilishika, akaligeuza ndani nje, akalishona yeye mwenyewe, mimi nikimwelekeza kwa mdomo nikiwa nimesimama mbali kama mgonjwa wa kuambukiza. Blanketi nililoliegemea liliondolewa. Pakawekwa kitenge cha mke wangu. Shitingi nayo niliishusha, mzee akaipandisha tena kwa mikono yake, vibaya, na sikuruhusiwa kusahihisha. Mambo yote hayo yalichukua mvua nzima. Jua lilipojitokeza upande wa pili wa miti, mama mkwe alikuwa bado juu ya bidoni, anatetemeka mpaka bidoni inalia.

Kiti cha pili hakikujaribiwa na mtu. Nilikuwa na hofu kuliko siku ya mtihani. Mke wangu alimshusha polepole. Gunia likanyooka, kamba zikalia kidogo, zikanyamaza. Akaegemea. Alifumba macho, akavuta pumzi moja ndefu, ya kwanza tangu asubuhi.

"Umuambie bwana yako," alisema baadaye, "hii haiumize."

Nilikwenda kujikunyata na mzee chini ya mti, tumejifunika yale majani mapana wanayofungia chikwange, mkate wa muhogo. Nilijisikia kama niliyepewa diplome ya pili. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa, ingawa leo naona aibu.

Asubuhi homa ilikuwa imempata. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Kutembea hakuweza, kubebwa tungembeba na nani? Mzee na fimbo yake, na mkwe asiyeweza kumgusa. Nilisema hapa nitaweka bega langu chini ya mti wa machela, na mila itanisamehe. Mke wangu aliuliza. Mama mkwe alitikisa kichwa. Basi nikaamua kwenda Mubi peke yangu, nilete dawa na watu wa kubeba.

Nilifika jioni, nikakuta kituo cha afya kina kufuli. Mlinzi aliniambia muuguzi ameondoka na familia yake, na yangu ninayoitafutia dawa na iondoke pia. Kesho yake, tangu maduka yalipofunguliwa, nilizunguka yote, kati ya pikipiki na malori ya wachimbaji. Dawa zilikuwepo: za minyoo, za nguvu za kiume, za kung'arisha uso, za mba. Nilieleza moyo uliochoka kwa Kiswahili, kwa Kifaransa cha diplome, na kwa mikono. Muuza duka mmoja alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Papa, hiyo iko paka Goma, hapa haiko." Vijana wa pikipiki walisema njia ile hawaingii hata kwa dhahabu. Wabebaji sikupata; kila bega lilikuwa limeshabeba lake. Siku ya tatu nilirudi na mikate miwili na vidonge vya kichwa.

Nilipofika, mzee alikuwa anafupisha kamba za kiti.

"Anasema nipandishe tena," alisema. "Jana mara moja, leo mara tatu."

Hakuweza tena kuegemea. Kila saa pumzi ilimtaka akae wima zaidi, na kamba zilikuwa zimebaki fupi sana. Mke wangu aliniangalia mikono, akaona mikate, akachukua mmoja kuuloweka.

Mama mkwe alifumbua macho. Aliniangalia mimi, moja kwa moja.

"Umerudi," alisema.

Nilitazama pembeni nikimtafuta anayeambiwa. Hakukuwa na mwingine.

"Nimerudi, Mama. Hakuna kitu."

"Ulitembea mbali."

"Ndiyo, Mama."

"Ukae basi. Umechoka."

Nikakaa chini, pale pale kwenye tope la mlangoni, chini ya paa lake. Sikuwa na utani wowote. Niliutafuta, naapa, kwa sababu ndiyo kazi yangu katika familia ile, lakini kichwa kilikuwa cheupe. Aliuliza kama maharagwe ya Muheto yamekauka sasa. Nilisema yamekauka vizuri sana, kwamba yanapasuka yenyewe, kwamba mtu akipita kilimani anasikia kama makofi. Alitabasamu kidogo, upande mmoja.

Alikufa kesho yake kabla ya saa sita, ameketi. Mke wangu alikuwa anamlisha mkate uliolowekwa, akafikiri amesinzia, akasubiri na kijiko mkononi.

Kuchimba nilichimba mimi, kwa panga na kwa kifuniko cha sufuria ya mzee. Udongo wa msitu ni laini juu, chini ni mizizi. Mke wangu alikaa karibu na mama yake na hakulia kwa sauti. Alisema mara moja tu, "Chini hawezi. Unajua chini hawezi." Nilimwambia najua.

Mzee alikuja kutazama kaburi, akachungulia, akanigusa mkono.

"Kijana, umechimba mubaya. Upande wa kichwa iko juu. Inateremuka."

"Najua, Papa."

"Kaburi inapaswa kuwa sawa."

"Najua."

Aliniangalia. Kisha alishuka ndani kwa shida, kofia yake ikaanguka, akaanza kunisaidia kupiga udongo wa upande wa kichwa kwa viganja, ili ule mteremko usibomoke.