Namna tulimuvusha mudogo wangu muto Ruzizi kama bibi-arusi ili akasome kwa bourse yake

Wakuu, nawasalimu wote, wa hapa kwetu na wa kule Tanzania na Kenya.

Mimi ni mama wa Kadutu, hapa Bukavu, nauzisha makala, ule mukaa wa kupikia, sokoni. Kusoma kwangu kuliishia primaire, kwa hiyo mukiona nimeandika vibaya musinirudishe darasani, fuateni tu habari.

Nitakayosema niliyaona kwa macho yangu. Na majina nitataja. Wenye hayo majina bado wako wazima, wana simu, waje wajibu hapa.

Ilikuwa ile miaka waasi walishika Bukavu. Papa yetu walimuua kwa njia ya Mumosho, alikuwa ameenda kutafuta ndizi. Hakuna mutu aliyeulizwa mpaka leo. Sitaki kukaa sana hapo, maana huu uzi ni wa furaha, lakini mujue tulibaki wanawake watatu kwa nyumba: mama, mimi, na mudogo wangu Nsimire.

Nsimire alikuwa na kichwa. Mimi masomo yalinishinda, yeye akaendelea, na makala yangu njo ilimusomesha. Akamaliza licence ya kilimo, digrii ya kwanza. Kazi yake ilikuwa magonjwa ya muhogo. Watu wa avenue walimucheka sana: mutu anasoma mpaka anazeeka ili aje kujua sombe, majani ya muhogo?

Siku moja padri wa parokia akamuita ofisini. Wazungu wa Ubelgiji wamejibu. Bourse ya master, masomo ya kulipiwa: ndege iko, nyumba iko, chakula iko.

Nsimire alinikuta sokoni, mimi yaya yake, dada mukubwa, nimebeba beseni ya makala kichwani.

"Yaya, nimeipata."

"Umepata nini?"

"Bourse."

Wakuu, makala yote ilimwagika chini. Wenzangu wa sokoni walianza kucheza hata kabla ya kuuliza tunachezea nini. Mama Furaha, jirani yangu wa meza, alicheza mpaka kitenge kikamuanguka, kisha akaniuliza, "Ni harusi?" Nikamwambia inapita harusi.

Sasa mama yetu akaharibu.

Kwetu Wakatoliki, furaha haijawa furaha mpaka isomwe kanisani. Mama akaenda kuomba misa ya shukrani, bila kutuambia. Siku ya Mungu, Jumapili, kanisa imejaa, katekista anasoma nia za misa: huyu anaombea marehemu, yule anaombea mugonjwa. Kisha tunasikia, "Na kumshukuru Mungu kwa ajili ya binti yetu Nsimire, ambaye ataenda kusoma Ulaya."

Nsimire aliinamisha kichwa. Mimi niliangalia benchi ya mbele. Tonton Zagabe alikuwa amegeuka anatuangalia.

Huyu njo wa kwanza namutaja. Zagabe, mudogo wa papa. Alikuwa ameshamuahidi Nsimire kwa bwana mumoja anaitwa Kalinda, bila kumuuliza mwenyewe. Na Kalinda njo wa pili. Hakuwa mugeni, ni mutoto wa hapa hapa mujini, wa Nguba, tulimujua anacheza mpira bila viatu. Waasi walipoingia akavaa miwani, akapewa meza kwa ofisi ya sécurité. Yeye njo alikuwa anatoa ruhusa ya kuvuka mupaka. Mugeni akikuumiza unasema ni mugeni. Mutoto wa kwenu je?

Tukitoka misa Zagabe akatufuata mpaka nyumbani.

"Mutoto mwanamuke akienda Ulaya, anarudiaka na nini?"

"Na diplome, tonton," Nsimire akajibu.

"Diplome inazaa?"

"Haizai, tonton. Lakini haipigi mutu."

Alitoka bila kunywa chai.

Nsimire alipoenda kuomba ruhusa, Kalinda alimuchekea tu. "Bourse haina miguu, haiwezi kukimbia. Olewa kwanza, kisha tutaona." Na askari wa barrière, kizuizi cha daraja ya Ruzizi, wakaambiwa: ule mwanafunzi Nsimire asivuke.

Lakini bourse ilikuwa na miguu. Padri alituambia wazi: asipofika masomo yakianza, nafasi wanapea mutu mwingine. Hata visa ilikuwa inamungojea ngambo, Kigali. Mama akaacha kula. Alisema kinywa chake njo kimemufunga mutoto.

Aliyetuokoa ni Tantine Cibalonza, dada wa papa, mupikaji wa kasiksi. Kwa wenye hawajui, kasiksi ni pombe yetu ya ndizi, na yake ilikuwa inajulikana mpaka kwa askari. Alitukuta tunalia jikoni.

"Nani amekufa?"

Tukamueleza.

"Kumbe ni hiyo tu? Si muolewe basi."

Mama akashituka. "Na Kalinda?"

"Kalinda wa nini? Nimesema aolewe, sijasema na nani. Munajua bibi-arusi anavukaka na karatasi gani?"

Wakuu, musikilize vizuri hapa. Kwetu bibi-arusi akitolewa kwa baba yake, anafunikwa kitenge kichwa na uso, anatembea polepole kama mugonjwa, na haongei na mutu mpaka afike kwa bwana. Akifungua kinywa njiani ni aibu ya ukoo muzima. Akicheka, ni mubaya zaidi, watasema alikuwa anatamani kuondoka. Na mutu akitaka kuona uso wake kabla ya bwana, anatoa mbuzi. Familia nyingi ziko pande zote mbili za muto, kwa hiyo harusi zilikuwa zinavuka hata wakati wa vita. Askari wanahesabu mamans, wale wamama wa kusindikiza, wanaonjeshwa pombe, basi.

Tulimuita binamu yetu Mugisho, anakaa ngambo, tukamwambia avae vizuri atungojee kwa upande wake. Akauliza naoa nani. Tantine akamwambia usiulize, vaa.

Tukashuka asubuhi na nyimbo. Mamans wa soko wote walikuja: godoro kichwani, masufuria kichwani, bidoni za kasiksi. Pasipoti Tantine alikuwa ameifunga kwa tumbo ya Nsimire na kitambaa. Kitabu nilimukataza kubeba hata kimoja.

Kufika barrière, askari mumoja akasimama mbele yetu.

"Huyu jina lake nani?"

Mamans wakamuangukia. "Afande, wewe mama yako aliolewa bila heshima? Bibi-arusi anaulizwaka jina?"

"Nimepewa amri."

"Amri ya kuharibu ndoa?"

Hapo hapo jeep ikasimama nyuma yetu. Akashuka Kalinda.

Huyu hakuhitaji jina, uso wa Nsimire alikuwa anaujua kuliko picha yake mwenyewe. Tantine hakupepesa. Akachukua kikombe, akakijaza, akampelekea kwa mikono miwili kama mutu anasalimia mwami, mufalme wetu.

"Chef, umekuja kutubariki?"

Kalinda akanywa. Akaomba ingine. Akamzunguka bibi-arusi, miwani machoni.

"Fungua nione kama ni muzuri."

Tantine akaangalia pande zote, kisha akasema kwa sauti ya soko, askari wote wasikie, "Vizuri sana, chef. Mbuzi iko wapi?"

"Mbuzi gani?"

"Ya kuona uso wa bibi ya wenyewe. Mutu mukubwa kama wewe si mbuzi moja, tutapokea hata mbili. Ao tumwambie bwana yake kwamba chef alitaka bure?"

Askari wakaanza kucheka. Na Kalinda, mutu yeyote wa Nguba atawaambia, alikuwa na mukono mugumu, hata kwa matanga alikuwa anakuja kula tu. Akajidai anatazama saa.

Sasa chini ya kitenge mabega ya Nsimire yakaanza kutingishika. Nilimujua mudogo wangu. Alikuwa anacheka.

Tantine akapiga kelele ya uchungu, "Maskini, munamuliza mutoto," akamukumbatia. Mama akaanza kulia. Mamans wote wakalia, godoro inalia, sufuria inalia. Na mimi nililia, wakuu, lakini yangu haikuwa ya mchezo. Nilikuwa nimekumbuka anaenda kweli, na papa hayuko kumusindikiza.

"Pelekeni mutu wenu, munanipigia kelele," Kalinda akasema, akasukuma barrière kwa mukono wake mwenyewe.

Ngambo Mugisho alikuwa amesimama na koti ya kuazima inamufika magotini. Nsimire akafungua kitenge, bado anacheka, akanishika shingo, na kicheko kikageuka kilio pale pale. Tulimupandisha bus ya Kigali akiwa hivyo.

Kalinda alipojua, alimufunga Tantine siku kidogo. Tantine akamujibu mbele ya walinzi, "Chef, si wewe ulifungua mulango?" Wakacheka mpaka akaona bora amutoe.

Nsimire alipata master yake. Mama alitengeneza picha ya ile siku, joho na kofia, ikawekwa ukutani karibu ya picha ya papa. Na alirudi. Leo watu wa Mumosho wanalima mbegu ya muhogo aliyoileta yeye, kwenye udongo ule ule damu ya papa ilimwagikia.

Vita vikaisha, hakuna aliyeomba musamaha. Kalinda anauzisha ciment, tunasalimiana sokoni. Na Zagabe alikuja kwa Nsimire na kofia mukononi, mutoto wake anatafuta bourse, amusaidie kuandika. Mimi nilikuwa nimeshafungua mulango nimutoe. Nsimire akamuwekea kiti. Mutoto alipata, iko Dakar.

Mimi sijasamehe, niseme ukweli. Lakini ule mutoto alipopiga simu kusema amefika, nilijikuta napiga vigelegele kama mujinga.

Funzo langu ni hili: ukipata bourse, panda ndege kwanza, misa ya shukrani mutasoma kisha. Na mukiwa na shangazi mwenye mudomo, mumutunze.

Haya, wenye kupitia mambo kama haya waandike hapa chini. Na wewe Zagabe, najua wajukuu wanakusomeaka. Kiti bado iko, lakini safari hii kunywa chai.