Selotepu Nyekundu Jikoni Kwetu

Nakumbuka siku moja, mwanangu, zamani hizo, yaani muhula uliopita, nilibandika selotepu nyekundu katikati ya jiko letu, kutoka mlangoni mpaka kwenye sinki, nikaenda zangu kucheza mpira. Huo ndio ujinga wenyewe. Nimeanza nao usije ukasema nilikuficha. Na miaka yangu usinihesabie. Kumi na sita yatosha kwa mtu aliyeona niliyoyaona.

Fleti yetu ya Al Baraha, hapa Dubai, ina vyumba viwili. Kimoja ni cha Mama, mimi na mdogo wangu Neema, watu wa Mombasa. Cha pili ni cha Bi Rukia wa Unguja. Jiko ni moja. Basi kunguni walituvamia, na kikulacho ki nguoni mwako, wanawake wale wakawa jeshi moja. Magodoro juani kwenye paa, maji ya moto vitandani, chungu kimoja, chumvi moja, "dadangu" huku, "shoga yangu" kule. Mwezi mzima, mpaka kunguni wa mwisho akafa.

Adui alipokwisha, wakaanza kuangaliana. Bi Rukia alitaka chungu kibaki kimoja: "Kwetu chumvi haina mwenyewe." Mama akataka kila mtu na kabati lake: "Cha wote huwa hakioshwi na yeyote."

Wiki hiyohiyo mwalimu wa historia akatueleza jinsi Wamarekani na Warusi walivyoipiga Ujerumani pamoja, kisha, vumbi halijatua, wakaigawa. Huyu asema mali iwe ya wote, yule asema kila mtu na chake, na kila mmoja anaamini mwenzake anamchimbia kaburi. Darasa zima lilisinzia. Mimi nikacheka: mbona hawa ninaishi nao? Nikaenda kununua selotepu.

Nilidhani watacheka. Wapi! Mama aliamini kaibandika Bi Rukia. Bi Rukia aliamini ni Mama. Hakuna aliyeuliza. Bi Rukia akahamishia birika chumbani kwake. Mama akawa anaelekeza mpini wa sufuria dirishani, ili ajue ikiguswa. Mimi nikawa jasusi wa pande zote mbili.

"Njoo mwanangu, kula kaimati," Bi Rukia ataniita. "Mamako kasemaje?"

"Hajasema kitu, Bi. Ila ameuliza birika limekwenda wapi."

Mama naye, chapati mkononi: "Huyo mwenzangu anaongea na nani kwenye simu?"

"Sijui. Aliposikia nyayo zangu alinyamaza."

Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Nilinenepa.

Wiki ya pili Bi Rukia akapata chumba kule Dubai Investments Park, mbali. Hapo ndipo kicheko kiliponikauka. Mama huingia zamu alfajiri, hotelini Al Garhoud. Bi Rukia ndiye humvalisha Neema na kumpandisha basi la shule. Nikamsikia Mama akimwambia nyanya wa Mombasa kwa simu, "Akihama huyu, khalas, basi tena, nitamleta Neema akae nawe." Neema ana miaka sita. Alikuwa sakafuni anachora, hajui kitu.

Nikawaita wote wawili jikoni, nikasema ni mimi.

"Shetani mkubwa wewe!" akasema Bi Rukia. "Na kaimati zangu ukala!"

Hakucheka mtu. Kesho yake Bi Rukia aliwaambia wale wa kule kwamba hahami. Lakini birika liko chumbani kwake mpaka leo, na Mama hajaacha kulitazama.

Basi mwanangu, shika haya. Watu wanaounganishwa na adui tu, siku adui akifa hugeukiana wenyewe. Ukiona mstari umechorwa, usikimbilie kuchagua upande. Uliza kwanza nani kauchora, hata kama kuuliza kunakutia aibu. Wala usiwafanyie mzaha watu wanaoogopana. Nakuombea majirani wanaokugongea mlango.

Hayo ni yangu. Mama, huku akiibandua selotepu kwa kisu, alisema hivi, neno kwa neno:

"Uliibandika wewe, sawa. Lakini wiki mbili nimeiruka, mtu mzima mimi, nikaona afadhali kuruka kuliko kuuliza. Mungu akupe akili kabla hajakupa nyumba. Sasa nenda kamwombe Bi Rukia radhi, na usirudi na habari yoyote."