Tui na Mguu wa Mama

Mama alichomwa na mwiba shambani kwetu Diaca. Tukauchomoa, tukasahau. Baadaye unyayo ulivimba, ukatoboka vitundu vinavyotoa punje nyeusi kama mbegu za mchicha. Kituo cha afya wakasema ni fangasi, wameshaingia ndani ya nyama. Wakampa kapsula za kumeza kila siku kwa miezi mingi, baada ya chakula. Zikishindwa, walisema, mguu utakatwa.

Sijaona mtu mtiifu wa dawa kama mama. Lakini kwetu mwenye kidonda hali nazi wala mafuta, vinaleta usaha. Kwa hiyo kapsula zilifuata ugali wa muhogo na majani ya kuchemsha kwa chumvi. Kila tulipokwenda waliuliza kama anakula kabla ya kumeza, nami nikajibu kwa Kireno kwamba anakula. Ilikuwa kweli.

Mguu ukazidi. Akaja daktari mwingine, msichana tu, akauliza anakula nini. Nikamwambia. Akaeleza kwamba dawa ile haiyeyuki kwenye maji. Inataka mafuta ya chakula ndiyo iingie kwenye damu, la sivyo nyingi inapita tumboni bure. Akasema kuna wanaotengeneza dawa za namna hiyo zikiwa zimeshafungwa ndani ya chembe za mafuta, ndogo hata jicho halizioni, na chembe hizo ndizo zinazoibeba. Huku hazijafika. Huku kuna nazi, akasema, nimpikie nazi.

Nikamtafsiria mama yote. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Na hizo chembe si mafuta vilevile?"

Nikasema ndiyo.

"Basi hata zikija, sizimezi."

Zamani ningecheka. Lakini tangu tuliporudi kutoka ukimbizini, tulikokimbia vita, nilikuwa sicheki wala silii, nafanya tu kazi iliyo mbele yangu. Iliyokuwa mbele yangu ni kumlisha mama mafuta. Nikatia tui jepesi kwenye kunde, nikazidisha chumvi ili asijue. Kumficha nazi mwanamke wa pwani, akili gani hiyo. Aliinusa kabla sijatua sahani, akaisogeza pembeni, akala ugali mkavu. Hakunigombeza. Alisema nyumba imechomwa, kaburi la baba hatulioni tena, vyombo alivyopewa na mama yake wamevichukua watu asiowajua.

"Hata mwiko wa kidonda nao niuache?"

Kwa muda mfupi nilimchukia. Kisha hata hilo likapita.

Mguu ulikatwa hospitali ya Pemba, mji mkuu wa mkoa wetu, si kile kisiwa, chini kidogo ya goti. Nilikaa kwenye benchi nikala mkate. Watu waliponipa pole niliitikia vizuri, kama mtu anayejibu salamu. Sikusikia kitu.

Tuliporudi nyumbani mama aliendelea na mwiko wake mpaka mshono ukakauka kabisa. Asubuhi moja nilikuwa nachagua mchele uani, akatoka na magongo yake, akaniambia nimletee mbuzi na nazi mbili. Akakaa juu ya ile mbuzi, mguu mmoja mbele, akaanza kukuna mwenyewe.

"Leo tui zito," alisema. "Kidonda si hakipo tena."

Alikula sahani mbili. Nami nikala. Wali ulikuwa mtamu, na hilo sijalisamehe mpaka leo.