Uchovu Aliouacha Mama

Kabla uchovu haujamwingia, Mistari alikuwa mwanamke wa kusimama. Kazi ya ususi haina kiti, na yeye alisimama tangu saluni inapofunguliwa mpaka inapofungwa, akicheka na wateja, akiwatania. Jina lenyewe alipewa na wateja hao. Akipitisha ncha ya kitana kichwani, njia ilitoka imenyooka kama iliyopigwa kwa rula, wala hakuhitaji kuirudia.

Alikuwa na miaka arobaini na ushei. Ndoa ilikuwa imekwisha kuvunjika zamani bila mtoto, akarudi kuishi na baba yake, dereva mstaafu wa lori, katika nyumba ileile aliyokulia. Jikoni, pembeni ya mlango wa uani, palikuwa na kiti kifupi cha mbao kisicho na egemeo. Hakuna aliyekikalia, na hakuna aliyethubutu kukitoa. Kilikuwa kiti cha marehemu mama.

Mama huyo alimalizikia pale. Mwanzoni alikuwa akikaa kidogo baada ya kufagia. Baadaye akawa anakaa kabla ya kufagia, apate nguvu. Mwisho ufagio ukawa unashinda mapajani mwake na uwanja unabaki na majani. Baba akirudi safari na kukuta vyombo vya jana, maneno yalimtoka. "Mwanamke gani wewe, kutwa kujivuta kama konokono?" Mashangazi walikuja kumwangalia, wakaondoka wakinong'onezana kwamba ni uvivu, na kwamba mtu akiendekezwa ndivyo anavyokuwa. Hakuna aliyesema anaumwa. Hakuwa na homa, hakukohoa, hakulia. Alisema neno moja tu kila alipoulizwa: "Nimechoka tu, wanangu. Nikipumzika nitakuwa sawa." Akapumzika, akapumzika, mpaka mchana mmoja Mistari na dada yake walipotoka shule wakamkuta amepumzika moja kwa moja, kichwa kimeegemea fremu ya mlango.

Basi Mistari alipoanza kuchoka, hakumwambia mtu.

Saluni ilikuwa ghorofani, na ngazi alizozoea kuzipanda huku akizungumza kwa simu zikaanza kumkata pumzi. Siku moja alisimama katikati akashika ukuta. Kilichomshtua hakikuwa moyo uliokuwa ukidunda mpaka masikioni. Ulikuwa mkono. Alikuwa ameulaza ukutani vidole vimetawanyika, kiganja hakigusi, hivyohivyo mama alivyokuwa akishika mlango. Aliuondoa haraka, kama mtu aliyekuta mkono wa mwenzake ndani ya mkoba wake.

Ukafuata ulimi. Chai ikawa inauma hata ikiwa vuguvugu, na chumvi kidogo ikawa moto. Akakumbuka kikombe cha mama kilivyokuwa kikikaa mezani mpaka chai ikajitengenezea ngozi juu, na jinsi wao watoto walivyokuwa wakimcheka.

Na saluni, jamani, ni vioo mbele na nyuma. Akikaa kidogo kungoja mteja, alikuwa akimwona mama kiooni: shingo ileile iliyoinama, rangi ileile iliyopauka na kuelekea unjano. Akainamia kufagia nywele ili asitazame. Akiinuka kizunguzungu kinamchukua, na anapotafuta pa kushika, kioo kinamwonyesha tena mama akitafuta pa kushika.

Mwenzake wa saluni, waliyemwita Redio kwa kuwa hazimwi, alianza kumchunguza. "Wewe, umebadilika rangi. Isiwe mimba."

"Mimba ya nani, Redio? Ya upepo?"

"Upepo wa siku hizi nao hauaminiki."

Wakacheka, lakini Redio aliacha kucheka kwanza.

Nyumbani hali ikawa mbaya zaidi. Jumapili moja baba aliingia jikoni na kikombe chake mkononi, akamkuta bintiye anamenya viazi, amekaa kwenye kile kiti. Mistari mwenyewe hakukumbuka alivyokaa. Miguu ilikuwa imeshindwa, na kiti kilikuwa karibu.

"Toka hapo," baba alisema.

"Baba?"

"Nimesema toka kwenye hicho kiti!"

Mzee hakuwa amekasirika. Macho yake yalikuwa ya mtu aliyeona kitu. Akaweka kikombe sakafuni, akatoka, na hakurudi mpaka magharibi.

Kilichomaliza ubishi wake na Redio juu ya kwenda kupimwa ni kichwa cha mteja, mwalimu mmoja ambaye hakuwahi kusukwa na mtu mwingine. Alijitazama kiooni, akajigeuza, akasema kwa upole, "Dada, hii njia mbona imekwenda kombo?" Mistari akatazama. Ilikuwa imekwenda kombo kweli, tangu utosini, na yeye hakuhisi kitana kikihama. Ncha za vidole zilikuwa zimekufa ganzi tangu asubuhi, akidhani ni baridi.

Redio alimvua aproni palepale. "Kesho huji kazini. Unakwenda kupimwa damu. Usinitolee macho."

Watu walidhani anaogopa sindano. Sivyo. Aliogopa kupimwa aambiwe hana kitu. Maana kama hana kitu, basi maneno ya mashangazi yalikuwa kweli, kwa mama na kwake pia. Au lilikuwa jambo baya zaidi: kuna kitu katika nyumba ile, hakina jina wala homa, kinamkalisha mwanamke kitini taratibu mpaka asiinuke.

Daktari wa zahanati alikuwa mtu mnene mwenye sauti ya upole. Aliuliza kuhusu usingizi, chakula, hedhi, mapigo ya moyo. Kisha akauliza, "Kwenu kuna mtu aliyewahi kuwa na hali hii?"

"Hapana," Mistari alijibu upesi. Akahisi nyuma ya shingo yake kama kwamba kuna mtu ameinua macho na kumtazama.

Damu ikatolewa, ikapimwa. Malaria hakuna. Sukari sawa. Tezi ya shingo inafanya kazi yake. Ila wingi wa damu ulikuwa umeshuka sana, na kwa mwanamke wa umri wake daktari alidhani ni upungufu wa madini ya chuma. Akampa vidonge, akasisitiza arudi kupima tena. Redio naye akajipa kazi ya kumlisha maini na mboga za majani mpaka Mistari akalalamika kwamba ataanza kulia kama ng'ombe.

Hakupata nafuu. Uchovu ukashuka miguuni. Siku moja alipokuwa akitembea sokoni, mama muuza nyanya akamwita kwa nguvu: "Dada! Ndala yako!" Ndala moja ilikuwa imebaki nyuma kabisa, naye alikuwa akitembea peku bila habari. Alirudi kuifuata, na watu wakampisha kama wanavyompisha mgonjwa.

Aliporudi zahanati, daktari alikaa muda mrefu na majibu ya kipimo kipya. "Hiki kinanisumbua," alisema. "Ukikosa madini ya chuma, chembe nyekundu za damu huwa ndogo. Zako ni chache, lakini ni kubwa kupita kawaida. Nilikutibu kisichokuwa chako. Toa ulimi."

Akautoa. Ulikuwa mwekundu, laini, unang'aa.

"Nilikuuliza kuhusu kwenu," daktari alisema. "Naomba nikuulize tena."

Safari hii Mistari alisema, "Mama." Likishatoka hilo, yaliyobaki yakafuata yenyewe: kiti, ufagio, chai iliyopoa, miguu aliyokuwa akiipiga chini kama mtu anayekung'uta vumbi, jinsi miezi ya mwisho alivyokuwa akisahau majina yao. Hakuwahi kuyasema yote kwa pamoja. Alivyokuwa akiyasema akayasikia, na hayakusikika kama uvivu hata kidogo.

Damu nyingine ilitolewa ikapelekwa maabara kubwa kupima vitamini B12. Majibu yalipokuja, daktari alimwita yeye na kufunga mlango.

"Iko chini mno. Chakula unakula, lakini tumbo lako halina tena uwezo wa kuichukua vitamini hii. Ndiyo maana maini hayakusaidia. Bila hiyo damu haitengenezwi vizuri, na mishipa ya fahamu inaharibika. Dawa yake ni sindano. Utachomwa maisha yako yote, mwanzoni mara kwa mara, baadaye kwa nafasi."

"Nitapona?"

"Nguvu zitarudi. Ganzi ya miguu siwezi kukuahidi, tumechelewa kidogo."

"Na mama?"

Daktari alivuta pumzi. "Siwezi kumpima aliyekwisha kufa."

"Lakini kwa hayo niliyokueleza?"

"Kwa hayo uliyonieleza, ningemshuku ugonjwa huuhuu. Hupenda kutembea kwenye ukoo. Mwambie na dada yako apime."

"Sindano hizi, wakati ule zilikuwepo?"

"Zilikuwepo," daktari alisema, na akainamisha macho.

Mistari alitoka na sindano ya kwanza ikiwa imekwisha kuingia mkononi. Alikuwa amengoja kufarijika, na faraja ilikuja kweli, ila haikuja peke yake. Barabara ile ina maduka mengi ya dawa. Alikuwa amepita mbele ya maduka hayo maisha yake yote. Sasa kila alilolipita, alimwona mama amekaa kizingitini, ufagio mapajani, akingoja mtu aingie amwulizie.

Baba alimsikiliza akiwa amesimama. Alipomaliza, mzee aliuliza, "Sindano tu?"

"Sindano tu, baba."

"Si operesheni?"

"Hapana."

Mzee akaitikia kwa kichwa, akaingia chumbani kwake.

Dada alipimwa huko alikoolewa, akakutwa hana shida. Mistari mwenyewe, sindano zilivyoendelea, akarudi kidogokidogo. Ulimi ulipoa kwanza. Kisha asubuhi moja akajikuta amefika juu ya ngazi za saluni akiwa anabishana na Redio kwa simu. Vidole vya mikono vikaamka, vya miguu havikuamka, akanunua viatu vya kamba. Lakini kila alivyozidi kupona, ndivyo baba alivyozidi kunyong'onyea. Akimwona anabeba ndoo anatazama pembeni. Akimsikia anaimba anatoka nje. Ikafika mahali Mistari akawa anajizuia kutembea haraka ndani ya nyumba.

Mchana mmoja alimuuliza. "Baba, nimekukosea nini?"

"Hujakosa kitu, mwanangu." Mzee alikuwa akijikanda magoti. "Ulipokuwa unaumwa nilikuwa namwona mama yako alivyokuwa, na nilishamzoea hivyo. Sasa umepona. Namwona vile ambavyo angekuwa. Huyo sijawahi kuishi naye. Simwezi."

Mistari akamshika bega.

Siku ya sindano iliyofuata, mzee alivaa shati safi akasema anakwenda naye. Pale zahanati alikaa kwenye benchi, akainuka, akakaa tena. Nesi alipoita, aliingia nyuma ya bintiye bila kuuliza ruhusa. Akatazama dawa ikivutwa, nyekundu kama maji ya rosela. Akatazama sindano ikiingia na kutoka. Haikuchukua hata muda wa mtu kufunga kamba za kiatu.

"Naomba hiyo chupa," alimwambia nesi.

"Imekwisha, mzee. Tunaitupa."

"Najua. Naomba niione."

Nesi akampa. Mzee aliishika kwa vidole viwili, akaisogeza dirishani, akaigeuza. Ilikuwa fupi kuliko kidole chake. Midomo yake ilicheza, na Mistari, aliyekuwa karibu, alisikia kwamba alikuwa akimwita mkewe kwa jina lake la usichana, jina ambalo halikuwahi kutajwa nyumbani tangu msiba. Halafu akairudisha chupa kwa mikono miwili, akashukuru, akatangulia kutoka. Mistari alimfuata taratibu, akipunguza mwendo ili asimpite.