Kata ya Kisima cha Bibi

Msinicheke. Au nichekeni tu, nimestahili.

Mimi ni afisa wa maji, mzaliwa wa kisiwa cha Juani. Wiki iliyopita nilirudi kijijini kwetu na wageni kutoka ofisini, tupange na wanakijiji visima gani vitunzwe kwa maji ya kunywa.

Tulipofika kisima cha bibi, moyo ulinilainika. Nilikuwa kama namwona akivuta kamba, namsikia akitukemea sisi wajukuu, "Nawa miguu kwanza!" Enzi zile maji yake yalikuwa matamu hadi ukinywa chai husemi kitu kuhusu sukari. Nikawasimulia wageni weee, kipimo cha chumvi kimelala mkobani. Kisima cha bibi yangu nikipime kwa mashine?

"Hiki kiwe cha kwanza kwenye mpango," nikasema, nikachota kata imejaa, nikapiga funda kubwa mbele ya watu wote.

Lahaula! Bahari ina nafuu. Sikuthubutu kutema, nikameza. Machozi yakanitoka.

"Matamu vilevile," nikasema. "Nimemkumbuka bibi tu."

Wageni wakainamisha vichwa kwa heshima. Wanakijiji wakatazamana. Mama mdogo, binti wa bibi, akasogea taratibu, amebana kicheko kwa upindo wa khanga.

"Mwanangu, hata bibi yako alikihama hiki kwa chumvi kabla hajafa. Siku hizi tunachota maji ya kukandia udongo tu. Lakini kama kwako ni matamu, haya, malizia kata."